Mtaa Uliomfuata Mzee Kimya

Siku Baba Pacha alipostaafu kazi ya kuendesha mashine ya kusaga unga, alirudi nyumbani, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akamsikia mkewe akiongea.

Si kwamba Mama Pacha alikuwa bubu kabla ya hapo. Alikuwa anaongea tangu siku ya harusi. Ila mume wake alikuwa akitoka kazini masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki, anaona midomo ya mkewe inakwenda, naye anaitikia kwa kichwa tu, kama alivyowaitikia wateja pale mashineni. Kwa kichwa hicho hicho alikubali kabati ambalo halikuingia mlangoni, akakubali mabinti zao pacha waolewe mbali, na akampa shemeji yake baiskeli aliyokuwa anaipenda kuliko shemeji mwenyewe.

Sasa masikio yalipata nafuu, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Nyumba yao ilibanwa kati ya fundi wa kuchomelea vyuma na muuza redio. Fundi alianza kugonga alfajiri, muuza redio akaanza kujaribu redio zake asubuhi, na Mama Pacha alijaza nafasi zote zilizobaki katikati.

"Mke wangu," alisema Baba Pacha wiki ileile, "mimi nimesaga kelele maisha yangu yote. Nataka kimya."

"Kimya cha wapi?"

"Ziwani. Kule upande wa matete, wasikokaa watu."

Mama Pacha alimtazama, akasema, "Sawa." Neno hilo moja, basi. Mtu aliyezoea kumsikiliza mkewe angeshtuka. Baba Pacha hakuwa na mazoea hayo, akaona ameoa malaika.

Kipande kile cha ufuko hakikuwa na mwenyewe wala wa kukigombania. Kutoka njia panda ya barabara kuu ulitembea mpaka jasho likutoke na kukauka mara mbili. Kulikuwa na nyasi za kufika kiunoni, matete, mbu wenye afya nzuri, na ziwa lililolala kimya mbele yako kama shuka iliyopigwa pasi. Ofisi ya kijiji jirani ilimruhusu kujenga bila maneno mengi. Karani alimuuliza tu kama nyumbani kuna amani.

Wakajenga nyumba ya vyumba viwili na baraza inayotazama maji. Asubuhi Baba Pacha alikaa barazani na kikombe cha chai, mguu juu ya mguu, akisikiliza ukimya. "Unasikia?" alikuwa akiuliza. "Sisikii kitu," alijibu mkewe. "Ndiyo hiyo!" Akacheka peke yake mpaka chai imwagike. Na kila mkewe alipofungua mdomo, yeye aliinua kidole: "Kimya, Mama Pacha. Kimya kidogo." Neno hilo lilimganda, na baadaye watu walimwita Mzee Kimya mbele na nyuma ya mgongo wake.

Mama Pacha alianza kuongea na kuku. Aliwaamkia asubuhi, akawaeleza alichoota, akawauliza maoni yao kuhusu mabinti. Kuku walipotawanyika alihamia kwa masufuria. Siku moja mume alimkuta amesimama ukingoni mwa ziwa akipiga hodi, halafu akajikaribisha mwenyewe, "Karibu, karibu ndani," halafu akajibu, "Ahsante, sikai sana." Mzee Kimya alirudi barazani taratibu, akajiambia kwamba mwanamke anazoea mahali kwa namna yake.

Baada ya hapo Mama Pacha akaanza safari za njia panda. Kila siku ya gulio alijifunga kitenge chake kizuri, akabeba kikapu, akaaga, "Naenda kununua chumvi." Akaondoka asubuhi na kurudi jua linazama, uso unang'aa, na kipakiti cha chumvi ndani ya kikapu. Rafu ya jikoni ikajaa chumvi. Ikajaa na chini ya kitanda. Mzee Kimya hakuuliza. Mtu anayetaka kimya haanzishi maswali.

Wa kwanza kufika alikuwa shemeji mwenyewe, mdogo wake Mama Pacha, fundi mwashi, juu ya ile baiskeli.

"Shemeji, nimekuja kuwasalimia tu," alisema. "Siku mbili hizi."

Mzee Kimya aliangalia mzigo. Kulikuwa na mwiko, pimamaji, ndoo ya zege, godoro, na nyuma kabisa, akitembea kwa miguu, mke wa shemeji akiwa amemfunga mbuzi kamba.

"Salamu yako ina mbuzi?"

"Ah, huyu hakutaka kubaki peke yake."

Shemeji hafukuzwi. Siku mbili zikazaa wiki, wiki zikazaa msingi wa mawe, na kabla mvua hazijaisha nyumba ya pili ilikuwa imesimama, dirisha lake linachungulia moja kwa moja kwenye baraza ya Mzee Kimya. Wake wawili walikuwa wanaongea toka dirishani hadi jikoni bila hata kupaza sauti, na kuku wakapumzika.

Kisha akaja mjane mmoja mshonaji, cherehani imefungwa kichwani kwa kanga kama mgonjwa.

"Kaka yangu, nasikia huku kuna upepo mzuri kwa mtu wa kifua."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Huku hakuna watu!"

"Basi ndio maana nimekuja," alisema mjane, akatua cherehani chini. Jioni hiyo Mama Pacha alimpelekea chai, na jambo la ajabu ni kwamba alijua tayari anakunywa na vijiko vingapi vya sukari.

Mzee Kimya akaona mambo yanaharibika. Akatafuta ubao, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akaandika kwa herufi za kuonekana mbali: HATARI! VIBOKO! Akaenda kuusimika mahali njia inapoingilia ufukoni. Kusema kweli hakuwahi kumwona kiboko hata mmoja pale, lakini ziwa lilikuwa kubwa na yeye hakulikagua lote.

Alirudi barazani akisugua mikono. Mtu mwenye akili gani atapita hapo?

Wakapita wote. Jumapili iliyofuata zilifika familia nzima nzima, na mikeka, na watoto, na chupa za chai, zimekuja kuangalia viboko. Walikaa ufukoni mpaka jioni wakikodolea macho maji. Kila gogo lililoibuka lilipigiwa makofi. Jumapili ya pili walirudi na shangazi zao ambao hawakuamini.

Katikati ya umati huo alikuwamo kinyozi mmoja mwembamba, anayeongea mpaka mkasi wake umeiga lafudhi yake. Aliusoma ule ubao kwa makini, akamfuata Mzee Kimya.

"Mzee, shikamoo. Hapa ni shule?"

"Marahaba. Shule ya nini?"

"Nimeona mmeandika viboko. Nikasema hawa watu hawafichi, wanachapa na wanatangaza."

"Ni viboko wa majini!"

"Ahaa. Na hao majini nao mnawachapa?"

Mzee Kimya alitaka kumjibu, lakini kinyozi alikuwa ameshahesabu kwa macho vichwa vyenye nywele ndefu. Alipachika kioo chake kwenye msumari wa ule ubao wa hatari, akafungua kiti cha kukunja, akaita wateja. Hakuondoka tena. Madereva wa magari ya abiria wakaanza kuingia mpaka pale, na abiria wakasema tu, "Nishushe kwenye viboko." Aliyetaka kunyolewa alishuka, aliyetaka kushonewa alishuka, na wengine walishuka ili waone kwa nini watu wanashuka.

Hivyo ndivyo mji ulivyoota. Shemeji alijenga mchana kutwa, na kila nyumba aliyoimaliza ilikuwa na jirani anayesubiri yake. Likaja duka la mafuta ya taa na sabuni, ikaja zahanati ya chumba kimoja, likaja bomba la maji lenye foleni ambayo ugomvi wake ulisikika mpaka ng'ambo. Mwishowe serikali ikamtuma mpima ardhi, kijana mstaarabu aliyevaa kofia pana na kuchungulia dunia kupitia kifaa cha miguu mitatu.

Mpima alichungulia, akaandika, akachungulia tena, kisha akaja kubisha hodi.

"Mzee wangu, kuna tatizo dogo. Barabara kuu ya mji inapita chumbani kwako."

"Chumba gani?"

"Cha kulala. Kati ya kitanda na kabati."

"Basi ipite haraka," alisema Mzee Kimya, "kwa sababu mimi nalala mapema," akafunga mlango.

Mpima akakunja kifaa chake. Alikuwa kijana mwenye malezi, na nyumba ilikuwa ya mzee. Barabara ikapinda. Mpaka leo barabara ya mji ule inakuja imenyooka kama uzi, inafika pale inatoa kiwiko, halafu inanyooka tena, na wageni hudhani aliyeichora alipiga chafya.

Yote hayo Mzee Kimya aliyavumilia. Aliweka pamba masikioni, akahamishia kiti chake nyuma ya nyumba, na watu walipomsalimia aliinua mkono bila kugeuka. Kilichomshinda ni lori.

Lori lilikuja asubuhi moja likirudi kinyumenyume, watu wakiliongoza kwa kelele, "Njoo, njoo, njoo, hapohapo!" Hapohapo ilikuwa mkabala na baraza yake. Wakafungua turubai. Mzee Kimya alipoona kile chuma, alishika nguzo ya baraza. Ilikuwa mashine ya kusaga unga. Na si mashine tu. Ilikuwa pacha wa ile aliyoiacha, rangi ileile ya kijani, mdomo uleule mkubwa juu.

Mwenye mashine, bwana mmoja mnene mwenye furaha isiyo na mwisho, alimjia mikono imefunguka.

"Mzee Kimya! Sikujui lakini nakujua! Hata fundi sikutafuta, maana mkeo aliniambia huku mnaye fundi bingwa anayekaa bure barazani."

"Mke wangu alikuambia lini?"

"Ah, miaka! Si yuko pale njia panda kila gulio? Yule mama ni redio! Sisi wote hapa ametuleta yeye. Alituambia ziwa lina maji matamu hata sukari huhitaji. Alituambia samaki wa huku wanakuja wenyewe mlangoni. Aliniambia usiku hakuna mbu hata mmoja, wanaogopa upepo. Nikasema, mahali kama hapo, nitakaa wapi kwingine?"

Mzee Kimya aliikumbuka rafu ya jikoni. Chumvi yote ile ya chini ya kitanda! Kumbe nyingine mkewe alikuwa haileti nyumbani. Alikuwa anaitia kwenye maneno kulekule njia panda.

Aliingia ndani. Mama Pacha alikuwa anamenya viazi, na kwa kumwona tu usoni alijua.

"Wewe ndiye uliyewaita," alisema Mzee Kimya.

"Ndiyo."

"Wote?"

"Kinyozi alikuja mwenyewe. Yule ni zawadi ya ubao wako."

"Mimi nilihama mji mzima kutafuta kimya, wewe ukaufuata mji ukaja nao mgongoni!"

Mama Pacha aliweka kisu chini. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha mumewe zaidi.

"Baba Pacha, nilipokuwa kijana nilikueleza mambo yangu yote, ukasikia mashine. Nikasema sawa, ni kazi. Masikio yakafunguka, nikasema sasa tutaongea. Neno la kwanza uliloniambia ni kimya. Ukanileta mahali nikawa napiga hodi kwa samaki. Ulitaka nifanye nini? Nife nimefunga mdomo?"

Mzee Kimya alikasirika. Akachukua blanketi, sufuria, panga na ndoana, akaazima mtumbwi wa shemeji.

"Naenda ng'ambo ya ghuba," alitangaza. "Msinifuate."

"Umechukua chumvi?" aliuliza Mama Pacha mlangoni.

"Usinitajie chumvi!"

Ng'ambo kulikuwa na ufuko mwembamba, mawe mapana, na kichaka. Alijijengea kibanda cha matete, akachoma samaki, akalala kama gunia. Asubuhi aliketi juu ya jiwe, mguu juu ya mguu, akisubiri raha.

Raha haikuja. Badala yake alisikia mvumo. Aligeuka kutafuta nyuki, hakuona. Akaziba masikio kwa vidole, na mvumo ukazidi. Hapo akaelewa: ulikuwa ni mvumo wa mashine, ule ule wa miaka yote, umekaa ndani ya masikio yake kama mpangaji asiyehama. Kule nyumbani hakuwahi kuusikia, kwa sababu mkewe aliufunika kwa kuongea na kuku, na shemeji kwa nyundo, na kinyozi kwa uongo wake. Hapa hapakuwa na wa kuufunika. Alijaribu kuimba, akaona aibu. Alijaribu kumsalimia ndege mmoja mkubwa mweupe. Ndege aliondoka.

Siku hizo alizipitisha akichongoa vijiti na kutazama ng'ambo, ambako moshi wa majiko ulikuwa unapanda, akijaribu kujua upi ni wa kwake. Angerudi, ila angeanza vipi? Mtu ametangaza mbele ya watu wote.

Kinyozi ndiye aliyeuvunja upweke huo. Alifika mchana na mtumbwi, kiti cha kukunja kichwani.

"Nilisema msinifuate!" alifoka Mzee Kimya, na akashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa na furaha.

"Sikufuati wewe, mzee, nafuata nywele. Ulivaa kofia ukaondoka bila kunyolewa, mimi silali." Akamkalisha, akamnyoa, na muda wote alimsimulia nani kagombana na nani bombani. Mzee Kimya alijifanya hasikilizi. Mkasi ulipotulia kidogo aliuliza, "Halafu yule mwenye ndoo akasema nini?"

Kesho yake akaja mjane kumpimia suruali, maana alisikia ameondoka na moja. Naye mpima ardhi akaja, akachungulia kichaka kwa kile kifaa chake, akasema kwa adabu kwamba amesikia mji unapanuka upande huu.

"Nani kasema?"

"Wewe si umehamia? Kule tunasema, palipo na Mzee Kimya patakuwa na mtaa."

Na siku moja jua likiwa limeanza kupungua ukali, ukaja mtumbwi wa mwisho, umejaa masufuria, kuku, na Mama Pacha katikati amejifunga kitenge chake kizuri, shemeji akipiga kasia. Mama Pacha alishuka, akaamkia kwa kichwa, akaketi juu ya jiwe pembeni ya mumewe. Hakusema kitu.

Mzee Kimya alisubiri. Mkewe alitazama maji. Akasubiri tena. Mama Pacha alikunja mikono, ametulia kama picha ya ukutani.

"Unaumwa?" aliuliza mume.

Akatikisa kichwa.

"Kuna msiba? Pacha hawajambo?"

Akaitikia kwamba hawajambo.

"Mama Pacha, unanitisha. Sema kitu."

"Nimekuja kukaa kimya na wewe," alisema mkewe. "Nimefikiri, nikaona nami nilikosea kukuficha. Ulitaka kimya, nimekuletea. Nakiweza. Sema tu mpaka lini."

Mzee Kimya aliangalia vidole vyake vya miguu. Masikioni mashine ilikuwa inasaga, inasaga.

"Mimi masikio yangu mabovu, mke wangu," alisema mwisho. "Kikiwepo kimya, hayanipi raha. Nilikuwa sijui. Wewe ukiongea ndiyo yananyamaza." Akaokota kijiwe, akakitupa majini. "Ile habari ya pacha kuolewa mbali. Siku ile uliniambia nini hasa? Mimi niliitikia tu."

Mama Pacha alimgeukia. Midomo ilimtetemeka, sijui ni kwa kilio au ni kwa wingi wa maneno yaliyogombania mlango. Kisha akaanza. Alianzia kwa pacha, akarudi nyuma kwenye harusi yao wenyewe, akapita kwenye lile kabati, akaeleza alichokuwa anataka kusema kila siku ile ambayo kichwa kiliitikia bila masikio. Mzee Kimya alisikiliza. Mara nyingine alisema, "Kumbe!" na mara moja alisema, "Hapo nilikosa sana," akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Walipokuwa wamezama hivyo, nyuma yao kichaka kilianza kukatika. Mzee Kimya aligeuka akamkuta shemeji ameshatandaza kamba na kupigilia vijiti kwenye pembe nne.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Napima tu, shemeji. Dada akihama, mke wangu ataongea na nani?"

Mzee Kimya alisimama, akaenda mpaka kwenye kamba, akaizunguka yote akiwa ameshika kiuno. Shemeji alishika panga kwa wasiwasi, akijiandaa kufukuzwa.

"Dirisha la jikoni umelielekeza wapi?" aliuliza mzee.

"Huko ziwani. Ili nisikusumbue."

"Ligeuze," alisema Mzee Kimya, akainama na kung'oa kijiti cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe. "Litazame huku kwetu. Na ulisogeze karibu, hawa wanawake wasipige kelele."